Ushahidi wa Mapenzi

Kuna picha moja ya Kifaransa iliyowagombanisha watazamaji tangu mwaka 1966, na ugomvi wenyewe unaanzia kitandani. Mwanamume na mwanamke wamelala pamoja kwa mara ya kwanza, hotelini, katika mji wa pwani wa Deauville. Mwanamume ametoka mbali kumfuata. Kamera inausogelea uso wa mwanamke na kutulia hapo. Macho yake yako wazi, lakini hayamo chumbani. Muziki unapigwa, mazungumzo hayapo. Kisha tunaonyeshwa anachokiona yeye: marehemu mume wake akicheka, akitembea naye, akimshika. Tunarudishwa kwenye uso ule, na sasa umezimika kabisa. Mwanamume anauliza kulikoni. Anajibiwa kwamba sababu ni mume. Anamkumbusha kuwa mume huyo alishafariki. Haisaidii. Mwanamke anavaa nguo zake na safari ya kituo cha treni inaanza.

Picha hiyo inaitwa Un homme et une femme, mwanamume na mwanamke, basi. Mtengenezaji wake, Claude Lelouch, alikuwa kijana wa miaka 28. Anne, anayeigizwa na Anouk Aimée, ni mjane anayefanya kazi kwenye upigaji wa filamu. Mumewe alikuwa mtu wa kuigiza matukio ya hatari, na siku moja hatari ikawa ya kweli. Jean-Louis, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, ni dereva wa mashindano ya magari. Mkewe alijiua baada ya ajali ya Le Mans, akidhani mumewe hatapona. Kila mmoja amebaki na mtoto mmoja, na watoto wote wawili wanasoma shule ya bweni hapo Deauville. Jumapili moja Anne anakosa treni ya kurudi Paris, Jean-Louis anampa lifti, na mengine yanafuata polepole, kwa mwendo wa mvua na vioo vya gari vinavyofutwa.

Tukio moja ndilo linalobeba uzito wa hadithi. Jean-Louis yuko Monte Carlo kwenye mashindano. Anapokea telegramu ya Anne inayosema kwamba anampenda. Anaacha sherehe, anaingia kwenye gari lake na kuendesha usiku kucha, karibu kilomita 1,000 hadi Paris, na njiani anajizungumzia mwenyewe: nikifika nigonge mlango au nipige simu kwanza? Anafika, anaambiwa Anne hayupo, yuko Deauville na watoto. Anageuza gari na kuongeza kilomita nyingine 200. Wanakutana ufukweni, watoto wakiwa katikati yao. Ndipo hoteli, ndipo kitanda, ndipo ule uso.

Ufaransa pekee watu zaidi ya milioni 4 waliingia kumbi za sinema kuitazama. Kwenye tamasha la Cannes la 1966 ilipewa tuzo kubwa, ikigawana na picha ya Kitaliano, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar mbili. Wakati huohuo wahakiki wengi wakubwa wa Paris waliikunjia pua. Waliona ni tangazo la biashara lililorefushwa: gari zuri, koti zuri, wimbo mzuri, na ndani hamna kitu. Watu waligombana hata juu ya rangi, kwa sababu picha inaruka kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe na kurudi. Wako waliokesha wakieleza kwamba rangi ni kumbukumbu na weusi ni upweke. Lelouch mwenyewe alieleza baadaye kwamba fedha za kununua mkanda wa rangi wa picha nzima hazikutosha.

Ugomvi huo wa rangi ni mdogo. Mkubwa ni ule wa kitanda. Kwa watazamaji wengine Anne ni mtu mwaminifu, mapenzi yake ya kwanza hayakufa kwa sababu mtu amekufa. Kwa wengine ni mkatili, kamwita mtu kwa telegramu kisha anamfukuza. Wako wasioona chochote: watu wawili wanatazamana kwa saa moja na dakika arobaini, picha imekwisha. Na siku hizi wako wanaomlaumu mwanamume, kwamba mwanamke akishasema hapana na kupanda treni, kumkimbilia kwa gari hadi kituo cha mbele ni kumsumbua. Wote wameona mkanda uleule. Hoja yangu hapa ni kwamba hawatofautiani kuhusu filamu. Wanatofautiana kuhusu nini kinahesabika kuwa ushahidi wa mapenzi, na ugomvi wa namna hiyo hauhitaji Paris. Tunaweza kuutazama vizuri zaidi kutoka Yaeda Chini.

Yaeda Chini iko Tanzania, upande wa magharibi wa nyanda za juu za Mbulu, kwenye bonde linaloelekea Ziwa Eyasi, nchi ya mibuyu, miiba na mbuga inayojaa maji wakati wa mvua. Waliotangulia kuwapo huko ni Wahadzabe, watu elfu moja na ushee, wanaojulikana duniani kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaishi jirani na Wadatoga wafugaji, na Wairaqw walioteremka kutoka milimani na majembe yao, na upande wa pili wako Wanyisanzu. Wakati picha ya Lelouch inapigwa Ufaransa, miaka hiyohiyo ya sitini serikali yetu ilikuwa inawahamishia Wahadzabe Yaeda Chini wakae kwenye nyumba, walime, watoto wao wasome. Wengi walikaa kidogo wakarudi porini. Napeleka filamu huko kwa kufikiri tu, kwa sababu ni nadra kupata bonde moja lenye majibu mengi kiasi hicho kwa swali la Anne: mume akifa, ndoa inakwenda wapi?

Tuanze na Wadatoga. Kwa desturi yao, mwanamke akiolewa ameolewa na ukoo. Mume akifa, mjane habaki mtu huru anayetafuta bwana mwingine barabarani. Anabaki kwenye nyumba ya marehemu, mara nyingi chini ya ndugu wa mume, na watoto watakaozaliwa baadaye huhesabiwa wa marehemu. Wazee wenye heshima huzikwa kwa bung'eda, mazishi yanayochukua miezi, kaburi likijengewa mnara wa udongo. Mtazamaji aliyekulia humo hana cha kushangaa hotelini Deauville. Mume yumo chumbani, naam, angekuwa wapi kwingine? Angeweza hata kumuona Anne ni mwepesi mno kwa kufika kitandani. Mwiraqw wa zamani naye angeuliza jambo jingine. Kwao kifo kilikuwa na unajisi, na aliyefiwa na mwenzi alitengwa kwa muda mrefu asile wala kukaa na watu mpaka muda utimie. Anne ametengwa na nani? Amemaliza muda wake? Kama hajamaliza, basi alichokihisi kitandani hakihitaji maelezo ya moyo.

Wahadzabe wako mbali na wote wawili. James Woodburn, aliyeanza utafiti wake miongoni mwao mwaka 1958, na Frank Marlowe baada yake, walieleza jambo lilelile: hakuna sherehe ya harusi. Mwanamume na mwanamke wakianza kulala kwenye kibanda kimoja, kambi inajua wameoana. Mmoja akiondoka na wiki zikapita bila kurudi, kambi inajua ndoa imekwisha, na hakuna kikao kinachoitishwa. Anayebaki kwenye ndoa ni yule anayeonekana ndani ya ndoa. Mume huonekana kwa nyama na asali anazoleta, na mtu wa kwanza kuzihesabu ni mama mkwe, ambaye mara nyingi anaishi hatua chache kutoka kwa binti yake. Mwindaji hodari ana mvuto, mvivu ana matatizo. Ukiitazama Deauville kwa macho hayo, mume aliyekufa miaka kadhaa iliyopita haleti kitu. Huyu wa pili ameendesha usiku kucha. Kesi imekwisha kabla ya hoteli.

Haraka niongeze kwamba watu si desturi zao. Kijana wa Kidatoga mwenye simu mkononi, aliyeangalia tamthilia za Kifilipino Haydom au Mbulu mjini, hatakaa benchi moja ya mawazo na babu yake. Mjane wa Kihadzabe anaweza kumlilia mume wake miaka kumi. Desturi inatuonyesha tu swali ambalo mtu atauliza kwanza, na swali la kwanza ndilo linaloamua sehemu kubwa ya anachokiona.

Bado kuna kikwazo kikubwa kuliko desturi, nacho ni ule uso wenyewe. Picha yote ya Lelouch imejengwa juu ya imani kwamba ukiusogeza uso karibu vya kutosha, mtazamaji yeyote duniani atasoma kilichomo: huzuni ni hii, aibu ni hii, hamu ni hii. Imani hiyo ilikuwa pia ya wanasaikolojia. Kuanzia miaka ya sitini hadi leo vitabu vya shule za Ulaya na Marekani vimefundisha kwamba hisia chache za msingi zina sura moja kwa binadamu wote. Mwaka 2020 Maria Gendron, Lisa Feldman Barrett na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa Wahadzabe; mmoja wa waandishi ni Shani Mangola, Mhadzabe mwenyewe. Watu walisimuliwa kisa kifupi, mtu amefiwa, mtu ametukanwa, kisha wakaonyeshwa picha za nyuso na kuulizwa upi ni uso wa mtu huyo. Kama uso ungekuwa maandishi ya wote, majibu yangelingana na ya Wamarekani. Hayakulingana. Wahadzabe walitenganisha vizuri kujisikia vyema na kujisikia vibaya, lakini hawakupanga nyuso kwenye makundi yale ya vitabuni, hii hasira, hii huzuni, hii kinyaa, kama ilivyotarajiwa.

Kundi hilohilo la watafiti liliendelea kuwasikiliza Wahadzabe wakisimulia mambo yaliyowapata. Mmarekani akisimulia jambo lililomuumiza, huchimba akili yake: nilijisikia hivi, nikawaza vile. Wahadzabe walisimulia zaidi mwili, haja za wengine, na kilichofanyika: njaa, uchovu, mtoto aliyekuwa akisubiri, nani alikwenda wapi. Sioni upungufu wowote hapo. Naona namna ya kushuhudia. Hakimu yeyote wa mahakama ya mwanzo angependa shahidi wa aina hiyo.

Mapenzi yenyewe yamepimwa huko, kama ni kitu cha kupimwa. Mwaka 2017 kundi lililoongozwa na Piotr Sorokowski wa Poland lilichapisha utafiti wa dodoso la mapenzi lililojibiwa na Wahadzabe walioko kwenye ndoa. Dodoso linagawa mapenzi sehemu tatu: ukaribu, shauku na kujifunga kwa mwenzako. Kujifunga ndiko kulikokwenda sambamba na wingi wa watoto, kwa wake na kwa waume. Nina mashaka na madodoso ya namna hii popote yanapopelekwa, Yaeda au Dodoma, maana mtu huulizwa kwa namba jambo ambalo hajawahi kulihesabu. Lakini hata kwa mashaka yangu, matokeo hayo yanamkaa Jean-Louis kuliko Anne. Shauku ilikuwa hotelini. Kujifunga kulikuwa barabarani.

Kudhani kwamba kila mtazamaji anasoma ushahidi uleule ndiko kulikowapoteza watu wa filamu zamani, na upotevu wao una makao yake hapahapa Tanzania. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha Vugiri, milima ya Usambara, mradi wa kutengenezea Waafrika filamu za mafunzo, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Waliouendesha walikuwa Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na Latham, mtu wa elimu. Hadi 1937 walikuwa wamepiga filamu 35, na lori lao lenye mashine na jenereta lilizunguka Afrika Mashariki na Kati likiwaonyesha wanavijiji. Wakubwa wa filamu wa enzi hiyo waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Mtazamaji akijibu tofauti na walivyotarajia, waliandika: hakuelewa.

Kisa kinachosimuliwa sana kuunga mkono imani hiyo kilienezwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha 1962, akikichukua kwa John Wilson. Afisa afya aliwaonyesha wanakijiji filamu ya namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Baada ya kuonyeshwa waliulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Watengenezaji walishangaa, hawakujua kama kuna kuku. Wakairudia filamu picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja kuku anakatiza pembeni. Kisa hicho kimetumika miaka mingi kuthibitisha kwamba watu wale hawakujua kutazama. Mimi nakisoma kwa upande wa pili. Kuku alikuwepo. Waliokuwa hawajui kilichomo ndani ya filamu yao ni wenye filamu.

Sasa turudi Deauville na kumtafuta kuku wa Lelouch. Ni nani anayepita pembeni bila kuulizwa? Ni watoto. Antoine na Françoise wamewekwa bwenini, wazazi wanakuja siku ya mapumziko, wanawalisha mgahawani, wanawapandisha mashua, kisha jioni wanawarudisha na kuondoka. Watazamaji wa Ulaya huwaona watoto hao kama pambo linalowakutanisha wapenzi. Yaeda Chini wana historia nyingine na neno bweni. Kwa miaka mingi watoto wa Kihadzabe walichukuliwa kambini na kupelekwa shule ya bweni hapo kijijini, na wapo waliotoroka wakatembea nyikani mwendo mrefu kuwatafuta wazazi. Mtu aliyetoka kwenye historia hiyo akiulizwa Un homme et une femme inahusu nini, anaweza kujibu: inahusu watoto wawili walioachwa shuleni, na wazazi wao wanaokwenda na kurudi. Ataandikwa kwamba hakuelewa? Mimi nimeitazama picha tena kwa swali hilo, na sehemu zenye uhai zaidi ni za watoto: Antoine akiruhusiwa kushika usukani kwenye mapaja ya baba yake, Françoise akitaka hadithi. Mapenzi ya wakubwa yanaazima joto kutoka kwao.

Pwani tatizo la uso lilitatuliwa kwa njia nyingine kabisa, kwa nyimbo. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kwa kirefu juu ya sinema za Tanzania, amewahoji wazee wengi wa Zanzibar kuhusu picha walizozipenda ujanani, na jina linalojirudia ni Awara, ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka India mwaka 1951. Watu walijaa, akina mama wakiwa na maonyesho yao peke yao, na waliokuwa hawajui Kihindi hata neno walitoka wakiimba. Vikundi vya taarabu vilichukua tuni za Kihindi vikazipachika mashairi ya Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuusogelea uso wa Nargis ili ajue anapenda. Ameshaimba dakika tano juu ya jambo hilo, kwenye mwezi wa kuchorwa. Wala busu halikuhitajika. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 ulikagua tamaduni 168 duniani na kukuta busu la kimapenzi kwenye 77 tu, chini ya nusu, kwa hiyo Wahindi hawakuwa watu wa ajabu.

Na pamoja na uwazi wote huo, watazamaji wa Awara hawakukubaliana. Kiini cha hadithi ni jaji anayemfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, kwa sababu alitekwa na jambazi akarudi. Mtoto anakulia mitaani na kuwa mwizi, kisha anapendana na binti aliyelelewa na jaji huyohuyo. Vijana, Fair anaeleza, waliona ruhusa ya kuchagua mchumba kwa moyo wakati wazazi wao walikuwa bado wanawachagulia. Lakini anayemwangalia mke aliyefukuzwa haoni picha ya uchumba. Anaona picha ya talaka, na ya namna dhana ya mtu mmoja inavyoharibu kizazi. Nyimbo hazikumaliza ugomvi, zilihakikisha tu kwamba hakuna anayesinzia.

Bara, watu wa picha walipata dawa ya tatu. Kanda za video zilipoingia, vibanda vilizaliwa kila kona: mabenchi ya mbao, televisheni juu ya kabati, mapazia meusi, joto la watu sitini wakitazama bila feni. Picha za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani zilikuja kwa lugha zisizojulikana, na Dar es Salaam akatokea Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyesimulia picha kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Hakuwa mkalimani wa maneno. Aliwapa watu majina, aliwatania, alieleza mila, alikuambia kwa nini yule mama kanuna na kwamba subiri, utaona. Titanic, hadithi kubwa ya mapenzi kuliko zote za miaka ile, ilipita mikononi mwake. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana jeshi zima la vijana wa kazi hiyo. Kwenye kibanda mambo ni wazi: kuna stelingi, kuna adui, na mtazamaji ana haki ya kuuliza kwa sauti stelingi wetu anangoja nini.

Wasomi wa filamu wakisikia hivyo hushika kichwa. Uso wa Anouk Aimée, kimya kile kilichosifiwa Cannes, ukafunikwa na sauti ya mtu anayesema jamani mwanamke huyu anamkumbuka marehemu? Mimi nadhani wanaogopa bure. Kimya cha Lelouch hakikuwa kimya hata kwao. Mfaransa wa 1966 alikuwa tayari amesimuliwa: magazeti yalimwambia Aimée ni nani, redio ilimwimbia tuni ya filamu hiyo, iliyotungwa na Francis Lai, asubuhi na jioni, utamaduni mzima wa riwaya ulimfundisha kwamba mjane mzuri akitazama dirishani anawaza mapenzi na si kodi ya nyumba. Msimuliaji wake alikuwepo, ila hakukaa kibandani.

Tena, huyo marehemu wa kwenye picha, Pierre Barouh, aliyeziimba na kuziandikia maneno nyimbo kadhaa za filamu hiyo, alimuoa Anouk Aimée kweli mwaka huohuo wa 1966. Mfu wa hadithi alishinda nje ya hadithi. Ndoa ilidumu miaka mitatu. Lufufu asingeacha utamu huo upite bila kuusema.

Nimebakiwa na hukumu yangu. Sehemu ya marehemu akiimba samba, ndefu, yenye jua na farasi, ningeikata bila huruma. Ndiyo sehemu ambayo wahakiki wa Paris walikuwa na haki kuiita tangazo. Safari ya usiku kutoka Monte Carlo nisingegusa hata sekunde, pamoja na yale mazungumzo ya mtu na nafsi yake juu ya kugonga mlango. Na mwisho unasimama. Anne yuko kwenye treni, Jean-Louis ameipita treni kwa gari, anamngoja kituoni Paris. Anne anashuka, anamwona, anashtuka, wanakumbatiana na picha inagandishwa. Inasimuliwa kwamba Lelouch hakumwambia Aimée kuwa Trintignant atakuwa pale, ili mshtuko usiwe wa kuigiza. Kama ni kweli, basi hata yeye, bingwa wa kusogelea nyuso, mwishoni hakuuamini uso pekee. Alitaka mtu awe amefika kweli. Wanaomwona Jean-Louis msumbufu wana hoja, na ningewasikiliza zaidi kama Anne asingetuma telegramu.

Basi ombi langu ni kwa vijana wanaosimulia picha Mbulu, Haydom, Katesh na Karatu. Picha za kivita mnazo za kutosha. Chukueni hii ya mwaka 1966, ni ya dakika 102, isimulieni kwa Kiswahili, au kwa Kiiraqw na Kidatoga kama mnaweza, na mumtafute Mhadzabe wa Yaeda Chini aisimulie kwa Kihadzabe. Kwenye gari semeni mnavyotaka. Mkifika kitandani, nyamazeni nusu dakika, kisha zimeni mashine na muwaulize watu wameona nini. Yeyote atakayejibu jambo msilolitarajia, msimsahihishe. Rudisheni mkanda nyuma mtazame kama kuku yupo.